Mama Mkwe Aliongea na Magunia

Mimi ni mshona magunia. Nanunua yaliyopasuka kwa wenye maghala upande wa Kenya, naziba matundu kwa shazia na uzi wa nailoni, nauza kwa wavunaji wa huku Uganda. Kibanda changu kiko Busia, nyuma ya wauza samaki. Shule niliishia darasa la tano. Kiswahili nilikiokota nikivuka mpaka kwenda na kurudi, na ndicho tunachoongea nyumbani, kwa sababu mimi ni Msamia wa Bulumbi na mke wangu ni Mjopadhola wa Petta, na miaka yote hii kila mmoja wetu amekuwa akimngoja mwenzake ajifunze lugha yake kwanza.

Naandika jinsi nilivyomuuguza mke wangu na jinsi ndugu zake walivyotaka kumchukua. Walioharibu nitawataja. Majina yao siyaweki, wana watoto, lakini wakisoma watajijua.

Ilianza na malengelenge ubavuni, upande wa kushoto, kutoka uti wa mgongo mpaka chini ya titi. Wengine huita mkanda wa jeshi, huku kwetu wengi husema kisipi. Yalipasuka, yakatoa maji, yakakauka. Baada ya mwezi ngozi ilikuwa imefunga, imebaki na madoa tu kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaanga. Mimi nikasema yameisha.

Yeye akaendelea kulia.

Sasa wa kwanza kumtaja ni mimi mwenyewe. Zamani, kabla ya magunia, nilivusha petroli kwa mitungi kwenye njia za panya. Siku moja tajiri wetu alituambia tumimine hapo hapo, karibu na jiko la muuza chai, kwa sababu alikuwa na haraka. Moto ukashika petroli. Tulikuwa wanne, nilibaki mimi. Mikono yangu yote miwili mpaka mabegani ni makovu. Tajiri yule bado yuko hai, ana nyumba ya ghorofa, na tukikutana ananisalimia. Basi mimi nilijiona ndiye ninayejua maumivu. Nilijua kuungua kuna kidonda, kuna usaha, kuna bandeji, na kidonda kikifunga mtu anaacha kulia anaenda kutafuta kazi.

Nikamwambia mke wangu, "Kidonda kimefunga. Unalilia nini?"

Akaniangalia. "We unafikiri kidonda chako ndicho kidonda peke yake duniani."

"Mimi niliungua."

"Tunajua uliungua. Busia nzima inajua. Hata mbwa wa sokoni wanajua."

Kwa karibu miezi miwili nilimwona mvivu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kilichonifungua macho ni upepo. Alikuwa mlangoni anakata sukuma wiki, amevaa gauni jepesi, upepo ukaingia ukapeperusha kitambaa kikamgusa ubavuni kidogo tu. Akaangusha kisu. Akabaki ameinama, mdomo wazi, hakuna sauti. Hakujua kama niko nyuma yake. Mtu hajifanyi mgonjwa mbele ya sukuma wiki. Kesho yake nilifunga kibanda, nikampeleka ng'ambo, upande wa Kenya, kwa daktari.

Daktari yule alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alieleza. Alisema ugonjwa ulioleta malengelenge umelala ndani ya mshipa wa fahamu na umeukwaruza, na mshipa uliokwaruzwa unapeleka habari za uongo kichwani. Ngozi inaguswa na pamba, kichwa kinaambiwa ni moto. "Haumii kwa kupenda," alisema, akiniangalia mimi, kana kwamba mke wangu alishamweleza habari zangu. Akatuandikia kidonge kimoja, kila siku jua likizama, baada ya chakula. Akasema kinakawia, wiki tatu au zaidi, na hakitaondoa yote. Akarudia mara mbili: usikate, usiongeze.

Vidonge nilivipata kwenye duka la dawa la ng'ambo, kwenye karatasi ya kung'aa, vidogo, vya rangi ya samawati. Nikawa nampa kimoja mwenyewe jua likizama.

Mengine tulijifunza wenyewe. Siku moja tuko kwenye boda, mimi katikati, yeye nyuma yangu, dereva akaingia shimoni. Kiwiko changu kikamgandamiza ubavuni, pale pale. Nikajua sasa ananiua. Akasema sikioni mwangu, "Acha hapo. Usitoe." Tulifika nyumbani kiwiko kikiwa bado pale na mkono wangu umekufa ganzi. Ndipo tukaelewa: kugusa kidogo ndiko kunakochoma. Kugandamiza kwa nguvu, kiganja kizima kikatulia bila kusugua, kunatuliza.

Na mimi vitambaa navijua. Nilichukua mifuko ya zamani ya unga, ile ya pamba nyeupe ambayo siku hizi ni shida kuipata, nikaifua mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi, nikashona mkanda mpana wa kumzunguka mara mbili. Unafungwa asubuhi, kwa nguvu, juu yake anavaa gauni. Kitandani nilikunja waya nene nikatengeneza kama mgongo wa kobe, shuka inapita juu yake haimgusi. Alipoiona alicheka mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Umenijengea banda la kuku," alisema. Lakini alilala.

Wakati huo huo maneno yalikuwa yanatembea. Kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, na huyu namtaja kwa kidole, alihama benchi. Mke wangu alikaa, yeye akasimama akaenda kukaa mbele na mkoba wake. Wengine wakaelewa, wakahama pia. Unajua huku mtu akipata kisipi watu wanamaliza wenyewe: ana ule ugonjwa. Tulipima, sote wawili, siku moja. Majibu ni ya kwetu. Siyaandiki hapa, kwa sababu ukiyataka sana wewe nawe ni wa kuhama benchi.

Maneno hayo yalifika Petta. Kaka zake wakaja, wanne, kwa pikipiki mbili, wakiongozwa na mkubwa, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Walikaa uani hawakugusa chai.

"Shemeji," akasema mkubwa, "tumesikia dada yetu anavalishwa magunia."

"Ni mfuko wa unga. Pamba."

"Gunia ni gunia. Sikiliza. Bibi yetu alizikwa, kuna mambo yake hayakumalizwa, na sasa anamdai huyu. Nyumbani yuko mtu wa kuchanja. Atamchanja hapo ubavuni, ataweka dawa, itakwisha."

"Kuchanja na wembe?"

"Sasa atachanja na kijiko?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa namwangalia mke wangu mlangoni, mkono wake umeshika gauni kwa vidole viwili, ameliinua lisimguse. Nyama ambayo haivumilii upepo, hao wanataka kuipitishia wembe, chale ishirini au thelathini, na kusugua unga wa mizizi. Na dawa ya daktari ingeachwa mezani kwangu.

"Hamumchukui," nilisema.

Mkubwa akasimama, akakung'uta suruali. "Tunakupa mpaka wimbi, ulezi wetu, likatwe. Wimbi likikatwa na dada yetu bado analala mchana, tunakuja na gari. Na kwa sababu wewe hujui kuuguza, mama atakuja kukaa naye."

Hapo naye asiyetoka kwetu lazima aelezwe kidogo. Huku kwetu, kwa Wasamia na kwa Wajopadhola vilevile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani. Hawakai nyumba moja, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Ni heshima, na mtu akiivunja watu wanaona kama amevua nguo. Kwa hiyo mama mkwe kuja kukaa kwangu lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alipewa kitanda kwa jirani mjane. Mimi nikitoka asubuhi ndipo yeye anaingia. Jioni, nikifika kwenye kona ya miwa, nagonga kengele ya baiskeli mara tatu, naye anatokea mlango wa jikoni na kupotelea kwenye mahindi. Nilikuwa namwona kisogo tu, na leso ikipepea. Jumapili ilikuwa taabu tupu. Nikitaka kwenda chooni nakohoa kwanza kama mgonjwa wa kifua kikuu. Mke wangu alikuwa anakufa kwa kicheko na kwa maumivu pamoja, kwa sababu kucheka nako kunavuta ubavu.

"Mume wangu, kohoa, mama yuko kwenye njia."

"Nimekohoa."

"Kohoa tena, hasikii vizuri. Tena ana kuku mkononi, usimtishe."

Kila kitu tulichohitaji kuambizana kilipitia kwa mke wangu. Mwambie mama asimwage maji ya moto. Mwambie baba wa watoto chumvi imeisha. Watoto wenyewe wamekua, wa mwisho ameolewa Mella, kwa hiyo hakuna mwingine wa kutumwa. Alikuwa yeye, mgonjwa, ndiye daraja.

Sasa mama mkwe, akija kutoka Petta, alipita Tororo. Huko akaingia kwenye duka la dawa, akamweleza mwenye duka kwamba mtoto wake anaumwa mshipa wa ubavu, analia, halali. Mtu yule hakuuliza mgonjwa yuko wapi, hakuuliza anakunywa nini tayari. Alihesabu vidonge vya kahawia vilivyolala wazi kwenye kopo, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akachora mistari: kimoja asubuhi, kimoja mchana. Jina la dawa hakuandika. Akizidiwa mwongezee, alimwambia. Huyo namtaja mara mbili. Duka lake lina rangi ya kijani na yeye ana pengo mbele.

Mke wangu aliniambia mara moja, "Mama naye ananipa dawa yake." Nikadhani ni mizizi iliyochemshwa, mambo ya mama. Nikasema sawa. Sikuuliza. Huyo tena ni mimi.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzuri, usiseme. Alilala kama mtoto mchanga. Mama mkwe akawa anasifu bahasha yake, mimi nasifu karatasi yangu ya kung'aa, kila mmoja upande wake wa ukuta. Baadaye mdomo ukaanza kumkauka. Anakunywa maji, ulimi umekakamaa kama ngozi ya ngoma. Akaanza kujikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka ishirini. Nikimtuma kwa mama yake, ujumbe haufiki. Nilimwambia, "Muulize mama, anaona umebadilika?" Akasema ndiyo. Jioni namuuliza mama alisema nini, ananiuliza, mama gani. Dawa ilikuwa inavunja lile daraja, na sisi wawili tumesimama kila mtu ng'ambo yake, na heshima zetu.

Nikadhani ugonjwa umepanda kichwani. Mama mkwe naye, kama nilivyojua baadaye, alidhani ni yule bibi aliyezikwa amekasirika, kwa hiyo akaongeza kidonge cha tatu.

Ilikuwa siku ya soko, saa nane mchana. Nilikuwa nimepiga goti katikati ya kibanda, gunia mapajani. Watu wakanyamaza ghafla. Ukisikia wauza samaki wa Busia wamenyamaza ujue kuna maiti au kuna askari wa ushuru. Nikainua kichwa. Mama mkwe amesimama mlangoni kwangu, amenipa mgongo, leso imefunika kichwa chote, miguu mitupu yenye matope. Alikuwa amekimbia.

Hakunigeukia. Alishika fundo la magunia lililokuwa pembeni ya mlango, akaweka mkono juu yake kama mtu anayeshika bega la mwenzake, akaanza kuliambia.

"Wewe gunia. Sikia mimi. Mutoto yangu ameanguka karibu na jiko. Anaita mimi kwa jina ya dada yake. Dada yake alishakufa. Mukojo imekataa kutoka tangu jana. Gunia, kama mwenyewe yako anasikia, asimame."

Muuza samaki mmoja, mama mwenye mdomo, akashindwa kujizuia. "Haya! Leo magunia yana mgeni!"

"Nyamaza, we," mwingine akamkata. "Huoni mtu analia?"

Mimi nikalijibu gunia. Ulimi wangu ulikataa kumjibu yeye moja kwa moja, hata saa ile. "Gunia, mwambie mama aniitie boda mbili. Mimi natangulia na baiskeli."

Tulimkuta amelala upande mzuri, macho wazi, mboni zimepanuka, mashavu yanawaka joto. Nilimbeba mimi. Boda ya kwanza yeye katikati na mimi nyuma yake, kiganja kimegandamiza ubavu. Boda ya pili mama mkwe, peke yake, akiwa ameangalia upande mwingine barabara nzima.

Pale kituo cha afya kulikuwa na nesi mmoja wa makamo, mkali, miwani imefungwa na plasta. Alimwangalia macho, akambonyeza tumbo la chini lililojaa kama mpira, akaniuliza, "Anakunywa dawa gani?"

Nikatoa karatasi yangu mfukoni. Akaisoma. "Kimoja?"

"Kimoja tu. Jua likizama. Sijaongeza hata siku moja."

"Kimoja hakimfanyi hivi. Kuna nini kingine?"

"Hakuna."

Nyuma ya mlango, nje, mama mkwe akakohoa. Kisha mkono wake ukaingia kwenye upenyo, mkono tu, umeshika ncha ya leso iliyofungwa fundo. Nesi akafungua fundo, akatoa bahasha ya kaki, akamwaga vidonge vitatu kiganjani. Akavinusa, akavigeuza kwenye mwanga, akakipasua kimoja kwa kucha akaangalia ndani. Akaita mwenzake wa chumba cha dawa, naye akaja na kopo lao. Wakalinganisha alama iliyogongwa juu ya kidonge.

Nesi akaweka karatasi yangu na bahasha ile mezani, pamoja.

"Hii ni dawa ileile," alisema. "Rangi tofauti, kiwanda tofauti, dawa moja. Hii ya samawati nani anampa?"

"Mimi."

"Na hii ya kahawia?"

"Mimi," ikatoka sauti nyuma ya mlango.

"Mara ngapi?"

"Asubuhi. Saa sita. Na saa kumi nikiona analia."

"Kwa hiyo nne kwa siku, mwanamke wa kilo hizi, hali chakula." Akavua miwani. "Na nyinyi wawili mko nyumba moja, hamkuwahi kuambiana?"

Nesi ni mtu wa huku. Aliniangalia, akauangalia mlango, akaelewa, akawa mkali zaidi badala ya kupoa.

"Mkwe na mkwe," akasema. "Mtamzika kwa adabu nzuri kabisa."

Wakamwekea mpira wa mkojo, wakamtundikia maji, wakasimamisha vidonge vyote. Siku mbili alikuwa akiongea na marehemu dada yake kuhusu sketi fulani ya njano. Siku ya tatu asubuhi aliamka, akaniangalia, akasema, "Mbona huna viatu?" Nilikuwa nimevisahau kibandani tangu siku ya soko. Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi nimekunja uso, asijue.

Maumivu yalirudi siku hiyo hiyo, yote. Na habari ikafika Petta kwamba nimempa mke wangu sumu. Nani aliipeleka? Kiongozi yule wa akina mama, ambaye alikuja pale kituoni na maandazi na hakukaa hata dakika kumi. Maandazi nilimpa mlinzi.

Tulirudi nyumbani na maagizo mapya: nusu kidonge kwanza kwa wiki tatu, kisha kimoja kizima, na kila siku mtu mmoja tu wa kutoa. Jioni ile nilifika kwenye kona ya miwa nikagonga kengele mara tatu. Nikaingia uani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko, hakuondoka. Nikageuka kurudi.

"Kaa," alisema. Alikuwa anaangalia moto. "Miguu yangu imechoka kukimbia kwenye mahindi yako. Nimebakia kidogo kuua mutoto yangu sababu ya haya."

"Mama, si wewe. Ni yule wa dukani."

"Yule pia. Lakini mimi pia." Akasukuma ukuni ndani. "Na wewe pia. Ulisikia nampa dawa, haukuuliza."

"Sikuuliza."

"Basi. Tumehesabiana. Sasa nionyeshe hii kidonge, nusu yake inakatwa namna gani?"

Nilikaa chini, mbali kidogo, ubavu kwa ubavu na yeye si uso kwa uso, tukakata vidonge kwa wembe juu ya sahani. Hajui kusoma. Tuliweka makopo mawili na maharage: kidonge kikitolewa, harage linahama. Jirani mjane aliona, akaenda kusema. Siku ya pili mzee mmoja wa ukoo wangu akaja kuniambia kuna mbuzi lazima achinjwe kwa aibu hiyo. Mama mkwe akamjibu yeye mwenyewe kutoka jikoni, "Mbuzi mtakula nyinyi, mgonjwa hatakula. Leta hiyo mbuzi tumpikie supu."

Kwa wiki sita tulifanya kazi. Nikienda kibandani yeye anafunga mkanda. Kwanza aliufunga ovyo, nikamwonyesha juu ya gunia la pumba mpaka akapata: kaza mara moja, usirekebishe, usisugue. Yeye naye alinifundisha nisichokijua, kwamba mtoto wake akianza kuimba kwa pua ndiyo maumivu yanapanda, mpe kiganja kabla hajalia. Miaka yote ile nililala naye sikujua. Kidonge kilipofika kizima, wiki ya nne hivi, akaanza kupika mwenyewe asubuhi. Mchana bado analala saa moja. Anaosha vyombo, anapumzika, anapukuchua mahindi, anapumzika. Sikumruhusu mtu kuita hiyo uvivu.

Wimbi likakatwa. Wakaja kama walivyoahidi, na gari la kukodi, godoro limewekwa nyuma tayari. Ilikuwa saa saba na mke wangu alikuwa amelala.

"Ndiyo haya," akasema yule mkubwa, akionyesha dirisha. "Tulisema nini? Analala. Na safari hii karibu umuue. Mwamsheni."

Nilisimama mlangoni. Sikuwa na silaha, nilikuwa na mikono hii yenye makovu, nikaishika fremu. Nilikuwa na hakika sitatoka pale. Mama mkwe akatoka jikoni, akaja akasimama kando yangu, mbele ya wanawe, bila leso usoni. Vijana wale waliruka nyuma kama wameona nyoka.

"Mama! Umesimama na mukwe?"

"Aliyempa sumu ni mimi," aliwaambia. Alisema kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mimi nisikie. "Mimi. Kutoka Tororo. Huyu alikuwa anatoa moja."

Mkubwa akatafuta neno. "Hata kama. Nyumbani kuna mtu wa kuchanja, amengoja tangu asubuhi. Kuna wembe mpya, sisi si wajinga."

Ndipo mke wangu akatokea. Alikuwa amefunga mkanda, gauni juu, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi. Akatupita mimi na mama yake, akashuka ngazi, akasimama uani mbele ya kaka yake.

"Nyinyi wanne mmekuja na godoro," alisema. "Kuna hata mmoja ameniuliza?"

"Dada, wewe ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa. Si ng'ombe wa mnada. Sasa nikuulize wewe: ninaumwa wapi?"

"Ubavuni."

"Ubavu gani?"

Kaka akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kijana mmoja wa nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Haya," akasema mke wangu. "Weka mkono. Wewe ni kaka yangu, si aibu. Weka."

Hakuweka. Akanyosha kidole, akamgusa gauni kwa ncha, kwa upole kabisa, kama mtu anavyomgusa mgonjwa. Mke wangu akajikunja, meno yakasagika. Kaka akarudisha mkono kama ameungua yeye.

"Umeona?" alisema, pumzi ikirudi kidogo kidogo. "Hicho ni kidole. Nawe unataka kuniletea wembe." Akageuka. "Baba wa watoto, njoo."

Mbele ya kaka wa mke hakuna mtu wa kwetu anayemshika mkewe. Nilikwenda. Niliweka kiganja kizima, nikagandamiza kwa nguvu, nikatulia. Akaegemea. Tulisimama hivyo mbele yao, jua la saa saba utosini, na mimi sikuondoa mkono wala sikuangalia chini. Wale watatu walianza kukagua matairi ya gari. Mkubwa ndiye aliyebaki kuangalia, na aliangalia mkono wangu, makovu na yote, kwa muda mrefu.

"Nabaki hapa," mke wangu akamwambia. "Nikitaka Petta nitakuja kwa miguu yangu, nikule wimbi, nirudi. Huyo wa kuchanja mwambieni aende akajichanje."

"Na wewe, mama?" kaka akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Twende nyumbani basi."

"Mimi nakuja Jumapili," mama mkwe akasema, akirudi zake jikoni. "Leo ni zamu yangu ya kidonge."

Wakapanda gari. Godoro walisahau kulifunga, likaanguka kwenye kona ya miwa, wakashuka kulichukua wakiwa wamekunja nyuso. Hawakuaga. Mpaka leo yule mkubwa hajaniomba radhi, na mimi simngojei. Mke wangu alisubiri gari lipotee, kisha akaniambia naweza kuachia kidogo, mkono wangu ni mzito, akarudi ndani kumalizia usingizi wake.